Chakula cha Wafiwa

Mama mkwe wangu hakupenda kushukuriwa. Ukimwambia asante baada ya chakula alikuuliza, "Kwani ulidhani nitakunyima?" Mara ya kwanza kunijibu hivyo nilikuwa bibi arusi mgeni, nimetoka Mikinduri kule Meru, kwenye migomba na ukungu, nimeletwa Mbeere kwenye joto linalopasua midomo, nikadhani nimemkosea. Nilienda nyuma ya zizi nikalia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwake asante lilikuwa neno la watu wasiojuana, la kupeana sokoni na ofisini kwa chifu, na kwamba siku aliponifokea hivyo ndiyo siku niliyokuwa nimeingia nyumbani mwake.

Jina lake silitaji. Binti yangu wa kwanza ndiye aliyelirithi, kama desturi inavyotaka, na ukiliita hapa kwetu leo atakayeitika ni msichana wa sekondari mwenye simu mkononi. Wajukuu walimwita Cucu, yaani bibi. Mimi nilimwita Mama alipokuwa hai, na humu nitamwita mama mkwe, asije akachanganywa na mama aliyenizaa.

Alikuwa mrefu, mkavu, na goti la kushoto lilimsumbua, kwa hiyo alitembea kama mtu anayekwepa matope hata katikati ya kiangazi. Shamba lake lilikuwa la mawe. Alipanda ndengu na mtama, akafuga mbuzi, na kando ya kijito kilichokuwa na maji nusu tu ya mwaka alikuwa na mistari michache ya muguka. Mbuzi wake aliwatukana kutwa nzima. Kila mmoja alikuwa na tusi lake, na nilishawahi kumsikia akimlaumu mbuzi mdogo kwa makosa ya mama yake. Lakini mnunuzi alipokuja, mama mkwe aliwaacha wanawe wapatane bei, yeye akateremka shambani kusikoonekana njia, na hakurudi mpaka kilio cha mbuzi kiishe masikioni.

Muguka ni majani ya kutafuna, ndugu mdogo wa miraa ya kwetu, na mchungaji wa kanisa lake aliyachukia sana. Aliyahubiria karibu kila Jumapili. Mama mkwe alikaa benchi la mbele akitikisa kichwa kukubali kila neno, kwamba majani yale yanaharibu vijana, kwamba yanavunja nyumba, na Jumatatu asubuhi akashuka kijitoni kuchuma. Jumapili iliyofuata akatoa fungu la kumi la kile alichouza. Nilipomuuliza kama hilo halimsumbui, aliniambia mchungaji anachukia muguka, hajasema popote kwamba anachukia sadaka. Kisha akaongeza kwamba hata yeye mwenyewe anauchukia. Kaka yake mdogo aliharibiwa nao. Lakini karo ya mume wangu ilitoka pale kijitoni, na ya dada yake pia, na mtu hawezi kuutukana mti uliomsomeshea watoto akiwa amesimama chini yake.

Kwa maji alikuwa bahili. Alinawa uso kwa maji ya kikombe kimoja, na maji yale yale yakaoshea miguu, kisha yakamwagiwa mche wa mpapai. Nilipofika kwake nikaoga kama tunavyooga kwetu, alisimama nje ya bafu la nyasi akahesabu kwa sauti kila kopo nililojimwagia, mpaka nikaona haya nikatoka na povu mgongoni. Mpita njia, hata asiyejulikana, aliletewa jagi zima, na likirudi na maji nusu aliudhika. "Mvua haina shangazi," alikuwa akisema, maana yake haimpendelei mtu, kwa hiyo yeye ni nani apendelee.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mama mkwe hakusoma, na hakuwahi kuniuliza ninafundisha nini, lakini nilipokuwa nikisahihisha madaftari kwenye meza ya sebuleni alipenda kuja kukaa kando yangu akichambua ndengu. Aliyatazama tu. Siku moja alilivuta daftari lililojaa kalamu nyekundu, akalitazama juu na chini. "Huyu umemchora sana," akasema. "Kesho mpunguzie." Nikamweleza kwamba mtoto yule hajui kugawanya. Akasema hata asiyejua kugawanya ana mama anayelifungua daftari lake jioni. Tangu siku hiyo mkono wangu ukawa mwepesi, na sijui kama watoto walifaidika au walipotea, ila nilibadilika.

Huzuni yake ilikuwa ya kuchelewa. Baba mkwe alipofariki hakutoa chozi. Aliwapikia waombolezaji, akagombana na vijana wa kuchimba kaburi kwa sababu walikuwa wanalichimba limeinama, akaimba kwaya. Watu wakanong'ona. Mwaka uliofuata redio ya marehemu mume wake ikafa, redio kuukuu iliyofungwa kwa mpira, na mama mkwe akalia kutwa nzima na kesho yake nusu. Mume wangu alimnunulia mpya. Mama mkwe aliiweka kabatini, hakuiwasha hata mara moja.

Na hakula hotelini. Siku za soko la Siakago aliuza ndengu zake tangu asubuhi, jua likampiga utosini, akapita mbele ya hoteli zote zenye chapati na supu ya mbuzi, akarudi nyumbani na njaa yake. Alisema chakula cha hoteli hakijui umetoka wapi. Mtu aliyekipika hajui kama umefiwa au umejifungua, anakupa kile kile anachompa aliye mbele yako na aliye nyuma yako. Yeye alipopika alipika kwa mtu. Mgonjwa alipata uji wa mtama uliochachushwa siku mbili, mwenye mimba alipata figo ya mbuzi, mwenye huzuni alipata chakula kingi kupita kiasi na akasimamiwa mpaka amalize. Hata hivyo nilimfumania siku moja nyuma ya ghala, anatafuna mandazi ya dukani, sukari imemkaa mdomoni. Hakustuka. Alisema alikuwa anaonja aone kwa nini yanawapendeza wajinga.

Haya yote nimeyasema kwanza kwa sababu watu wengi wa kijiji wanamkumbuka kwa jambo moja tu, kwamba ni yule mama ambaye binti yake alizikwa Ujerumani. Alikuwa mtu kabla ya hilo. Lakini hilo nalo lilimpata, na siwezi kuliruka.

Wifi yangu alikuwa kitinda mimba. Alienda kule kusomea kazi ya kuwatunza wazee, akapata kazi, akaolewa na fundi seremala wa kule. Mama mkwe hakusema Ujerumani, alisema "kule", na mkono wake ukaelekea upande wa Kiambere, kama kwamba binti amevuka mto tu. Kila Jumapili baada ya kanisa simu ililia. Alipiga kelele ndani ya simu ili sauti ifike mbali, na maongezi yao yalikuwa ya chakula. Umekula? Nimekula, Mama. Umekula nini? Viazi. Na jana? Viazi. Mama mkwe alikata simu akiwa na wasiwasi mkubwa, akawaeleza majirani kwamba mtoto wake anapewa viazi, tena kila siku, kama mfungwa. Wifi alikuja mara moja peke yake, mumewe akiwa amebanwa na kazi, akaleta chokoleti zilizoyeyuka zote kwa joto letu. Mama mkwe alizilamba kwenye karatasi zake, akasema ni dawa nzuri ya kikohozi.

Halafu wifi akaugua. Hakutaka mama yake ajue. Sisi wenyewe tulijua ugonjwa ukiwa umeshafika mbali, na mama mkwe alipoambiwa alienda siku hiyo hiyo kupiga picha ya pasipoti, na kitambaa cha kanisa kichwani, wakamwambia akivue, akakivua. Pasipoti haikutoka kwa wakati. Wifi alifariki, na kabla ya kufariki alikuwa ameshasema azikwe kule kule anakoishi, asisafirishwe tena. Hilo ndilo lililomuuma mama mkwe kuliko kifo chenyewe. Kifo alikielewa. "Nani alimwambia akiletwa atanisumbua?" alikuwa akiuliza, halafu hakungoja jibu.

Hapa kwetu watu huja kulala kwa wafiwa mpaka siku ya mazishi, kisha hutawanyika. Walikuja. Walileta kuni na sukari, wakaimba, wakalala. Lakini hapakuwa na jeneza la kungoja, kwa hiyo hapakuwa na siku ya kuondoka, na kila mtu aliona aibu kuwa wa kwanza kwenda. Walikaa mpaka unga ukaisha. Mwishowe mama mkwe mwenyewe alitoka nje asubuhi moja akawaambia, "Nendeni mkapalilie." Wakaenda.

Mazishi tuliyaona kwenye simu yangu. Tuliiegemeza kwenye birika mezani, tukakaa mbele yake. Jamaa mmoja wa kule ndiye aliyeshika simu ya upande wao. Tuliona kanisa dogo, mvua, watu wenye makoti meusi, jeneza likishuka. Picha ilikuwa inakwama, inaendelea, inakwama. Ilipokwisha, yule jamaa alisahau kuizima, tukaendelea kuona. Walitembea, wakaingia katika hoteli yenye maua madirishani na meza ndefu za mbao. Wakaketi. Wakaletewa sahani zinazofuka mvuke na vikombe. Kikongwe mmoja mwenye nywele nyeupe akasimama akaongea, na ghafla meza nzima ikacheka. Mkwe mwenyewe, mume wa marehemu, tulimwona ameshika kichwa, anacheka. Kisha picha ikakatika.

Mama mkwe aliitazama simu iliyokuwa nyeusi. "Wamemzika mtoto wangu," akasema, "wakaenda hotelini kucheka."

Hakulisema tena. Lakini tangu siku hiyo mkwe alipopiga simu, na alipiga, miezi na miezi, mama mkwe alinirudishia simu bila kuiweka sikioni. Aliniambia nimwambie kwamba hana masikio. Mimi nilimwambia mkwe kwa Kiingereza kwamba Mama amelala, au Mama yuko shambani. Sijui kama alikuwa akiamini.

Ikapita miaka. Goti lilizidi. Mwaka jana, baada ya kuvuna ndengu, mume wangu alipata ujumbe kwamba shemeji yake yuko Kenya, amefikia Meru, na anaogopa kuja nyumbani kabla hajaruhusiwa. Alieleza jambo moja. Kule kwao, watu wakitoka makaburini hula pamoja siku hiyo hiyo, waliozika wote, na mlo huo ni sehemu ya mazishi. Mama hakuula. Nje kidogo ya mji wa Meru, upande wa kupandia Nanyuki, kuna hoteli ya mwanamke Mmeru aliyekaa Ujerumani miaka mingi, na wanapika chakula cha kule kama kinavyopikwa. Mkwe alikuwa ameshaongea naye. Aliomba Mama aje, ale kile walichokula siku ile.

Nilimfikishia mama mkwe ujumbe huo jikoni, nikitarajia kufukuzwa. Alimaliza kupepeta, akalala, akaamka, akaenda kwa mbuzi. Siku kadhaa baadaye, tukiwa tunafunga magunia, akasema bila kunitazama, "Nitaenda. Nataka kuviona hivyo viazi."

Mume wangu aliazima gari la mwalimu mwenzangu. Mama mkwe alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu aliambiwa kule juu ni baridi, na ndani ya kiondo akatia thermosi ya uji, kwamba chakula kikimshinda asife kwa watu. Njiani hakuongea mpaka tulipopita Chuka, alipouliza kama mkwe ni mnene au mwembamba. Mume wangu akasema ni mwembamba. Akasema, "Hm."

Hoteli yenyewe ni nyumba ya mawe yenye paa lililosimama wima kama linangoja mvua kubwa. Ndani kuta ni za mbao nyeusi inayong'aa, meza zina vitambaa vya miraba myekundu, kuna saa ya ukutani yenye kijumba cha ndege, na harufu ya siki na nyama. Watu wachache walikuwa wanakula: wazungu wawili wa mashamba ya maua, na familia moja ya Wameru iliyokuwa inasherehekea binti aliyefuzu, bado ana joho. Mkwe alikuwa ameketi kwenye meza ya katikati iliyowekewa watu wanne. Alipotuona alisimama haraka hata kiti kikaanguka, akanyoosha mikono yote miwili.

Mama mkwe alisimama mlangoni kama aliyegonga ukuta. Kisha akaugeuza uso pembeni, akavuta kitambaa chake mpaka kikaficha shavu.

Mkwe alibaki na mikono hewani. Usoni nilimwona anavyoelewa, na alikuwa anaelewa visivyo. Alidhani amechukiwa. Huenda alichukiwa kweli, lakini hilo halikuwa chuki. Lilikuwa nthoni. Kwetu Meru tunayo na Mbeere wanayo, ile haya ya heshima kati ya mama na mwanamume aliyemwoa binti yake. Hawatazamani usoni, hawashikani mikono, na hawali meza moja. Mwanamke wa rika la mama mkwe angeweza kulala njaa wiki nzima kabla ya kutafuna mbele ya mkwe wake. Katika mipango yetu yote, mimi na mume wangu, na shahada zetu, hatukuwa tumelikumbuka hilo.

Mwenye hoteli ndiye aliyetuokoa. Ni mama mnene mwenye aproni nyeupe, na alikuwa ametoka jikoni kutukaribisha. Alimtazama mama mkwe, akamtazama Mjerumani, akaelewa papo hapo. "Hata sisi tuko na nthoni, mama," akasema. "Ngoja kidogo." Akavuta meza ndogo akaiweka nyuma ya kiti cha mkwe, akapanga viti ili atakayekaa pale ampe mkwe mgongo. Hivyo ndivyo tulivyoketi. Mume wangu na shemeji yake kwenye meza kubwa, mimi na mama mkwe kwenye ndogo, na mama mkwe na mkwe wake mgongo kwa mgongo, kitambaa cha kichwa chake kikikaribia kugusa kola ya shati la mwenzake. Mwenye hoteli alimweleza mkwe kwa Kijerumani, polepole. Alisikiliza, akakishika kidevu, akaitikia kwa kichwa mara nyingi.

Chakula kikaja. Nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye siki siku kadhaa kisha ikapikwa taratibu mpaka ikalegea, mchuzi mweusi, matonge ya viazi makubwa kama ngumi, na kabichi. Mama mkwe alilichoma tonge kwa uma, akalikata, akalinusa. Akaonja kabichi. Akanivuta sikio. "Waambie kabichi yao imeharibika." Mwenye hoteli alisikia, akacheka, akaeleza kwamba inachachushwa kwa makusudi, inatiwa chumvi na kufungiwa kwenye mtungi wiki nyingi. Mama mkwe akaonja tena. "Kumbe na wao wanachachusha," akasema. Akala. Nilimwona anavyokula, polepole, kila kipande anakigeuza kinywani kama mtu anayeulizia njia.

Akiwa amefika katikati ya sahani, aliweka uma.

"Muulize nani anapalilia," akasema.

Niligeuka nikamuuliza mkwe kwa Kiingereza. Akasema ni yeye mwenyewe, kila Jumamosi. Pale makaburini kuna bomba na ndoo za kumwagilia.

"Anapalilia kwa jembe au kwa mikono?"

Kwa mikono, akasema mkwe.

Mama mkwe aliusogeza uma wake. "Vizuri," akasema. "Jembe lingemkata."

Sikulitafsiri hilo. Sikuweza. Mume wangu ndiye aliyelitafsiri, akiitazama sahani yake, na mgongo wa Mjerumani ukainama.

Kisha mama mkwe akavuta pumzi, na nilijua linalokuja kabla halijaja. "Sasa muulize," akasema, "siku ile walikuwa wanacheka nini."

Nilimwomba tuliache. Akasema hakusafiri na goti lake kuja kula kabichi. Nikamuuliza mkwe. Niliuliza kwa adabu yote niliyonayo, lakini swali hilo halina adabu. Aliisogeza sahani yake kando. Nilidhani ameudhika. Kumbe alikuwa akitafuta pa kuanzia.

Alisema yule kikongwe aliyesimama kuongea alikuwa jirani yao. Wifi alipofika kule, hajajua lugha wala desturi, king'ora cha zimamoto kilikuwa kinapigwa Jumamosi moja kila mwezi, saa sita mchana, kujaribiwa tu. Wenyeji hata hawakisikii tena. Mumewe alikuwa kazini na hakuwa amemwambia. Wifi alikuwa jikoni, akasikia mlio ule wa kutisha umefunika kijiji kizima. Akadhani ni moto, au vita. Hakuchukua pasipoti wala kitu chochote. Alikimbilia nyumba ya pili, alikojua kuna kikongwe anayeishi peke yake na hawezi kutembea vizuri, akamkuta amevaa ndala za ndani na vibanio vya kusokotea nywele, akamwinua, akamtupia mgongoni kama mtungi wa maji, akatoka naye mbio. Akapita naye barabara nzima ya kijiji, watu wakitazama madirishani. Kikongwe anapiga kelele kwamba ni majaribio, ni majaribio tu, amteremshe. Na yeye haelewi neno, anakaza mwendo, anamjibu kwa lugha yake. Alimfikisha hadi shamba la viazi nje ya kijiji ndipo akamweka chini, akamfunika kwa sweta lake, akakaa mbele yake kumlinda.

"Alimwambia neno moja njia nzima," mkwe akasema kwa Kiingereza. "Yule bibi hakulisahau, alilisema siku ya mazishi, ndipo watu wakacheka. Mimi sijui maana yake." Kisha akalitamka, kwa ulimi wake mgumu, mgongo wake ukiwa umegusana na wa mama mkwe. "*Kira. Kira.*"

Ni neno la Kimbeere. Maana yake ni nyamaza, lakini si nyamaza ya hasira. Ni ile ambayo mama humwambia mtoto anayelia mgongoni.

Sikuhitaji kulitafsiri. Nilitafsiri sehemu nyingine, lile neno nilimwachia alivyolisikia. Mabega ya mama mkwe yalianza kutikisika. Nilidhani analia, nikamshika mkono, kumbe anacheka. Alicheka bila sauti, kitambaa kimemwangukia shingoni, machozi yakishuka kwa wakati ule ule, na sikuweza kujua kimoja kiliishia wapi na kingine kikaanzia wapi. "Huyo ndiye yeye," akasema. "Huyo ndiye yeye kabisa. Alimbeba mbuzi wetu hivyo hivyo siku ya mafuriko."

Kisha akajipangusa, akaushika ukingo wa meza, akasimama. Alichukua sahani yake. Mume wangu akasema, "Mama," kwa sauti ya kuonya, kwa sababu alimwona anaelekea wapi. Hakumjali. Alizunguka kwa mwendo wake wa kukwepa matope, akaweka sahani kwenye meza kubwa, akaketi mbele ya mkwe wake, akamtazama usoni.

"Nthoni ni ya binti," akamwambia mume wangu, macho hayajamtoka Mjerumani. "Ilikuwepo kwa sababu yeye alikuwa katikati yetu. Sasa katikati hakuna mtu. Huyu ni mfiwa tu, kama mimi. Wafiwa hula pamoja."

Mume wangu alimwambia hayo kwa Kiingereza, vipande vipande. Mkwe alijaribu kujibu, midomo ikamkataa. Alikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani, na mikono ya seremala yenye makovu, na aliiweka yote miwili mezani kama mtu asiyejua ni ya nani. Mama mkwe alikata kipande cha nyama kutoka sahani yake akakiweka kwenye ya mkwe. Alimsimamia kwa macho mpaka akala.

"Mwambie arudie," akaniambia. "Ile ya king'ora. Lakini polepole, asiruke kitu."

Mkwe akaanza tena tangu mwanzo, Jumamosi, saa sita, jikoni. Nilitafsiri. Mama mkwe alimkatiza kuuliza barabara ile ilikuwa ya lami au ya vumbi, kikongwe alikuwa mzito kiasi gani, sweta lilikuwa la rangi gani. Lilikuwa la kijani, akasema mkwe. Alipomaliza, akamwambia arudie mara nyingine. Chakula kilikuwa kimepoa, familia ya yule binti mwenye joho ilishaondoka, na mwenye hoteli alikuwa amevuta kiti karibu akasahau jikoni kwake. Safari hii ya tatu mama mkwe hakucheka wala hakuuliza. Alifumba macho, na mkwe alipokuwa akisema na mimi nikitafsiri, niliiona midomo yake ikifuata nyuma yangu, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa langu anayejifunza shairi la kwenda kulisema nyumbani.